Shanuo la Aliye Hai

Kitendawili! Nalima shamba, na mwenye shamba amekaa chini yake ananihadithia umbea.

Msijisumbue, nitatoa jibu mwenyewe. Shamba ni kichwa cha mtu, na mkulima ni msusi. Mimi Kafedha nililima vichwa vya Kisauni miaka kumi na mmoja, na niliyoyavuna ndiyo haya ninayoyaungama kwenu kila wiki.

Wiki jana niliwaacha pale nilipotia mkoba begani nikatoka katika nyumba ya ususi ya Bi Mwanabibi. Aliyesahau nitamkumbusha. Bi Mwanabibi alinipokonya kiti changu cha dirishani akampa mpwawe, msichana asiyeweza kupasua njia moja iliyonyoka kichwani hata angepewa rula. Nikasema naondoka. Akasema, "Nenda, lakini utaapa kwanza."

Akaniongoza mpaka kwa Mwalimu Masha, mwalimu wa kanisa letu. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na hakukiamini kiapo changu mpaka kipite kwenye kitabu changu.

"Sema," Bi Mwanabibi akaniambia. "Sitamwita mteja wa Bi Mwanabibi kwa kinywa changu."

Nikaapa. Mkono juu ya Biblia, macho kwenye meno yake ya dhahabu.

Mteja wa Bi Mwanabibi! Wanawake wazima, wenye waume na wakwe, yeye aliwahesabu wake, kama kuku waliofungwa uzi mguuni wasipotelee kwa jirani. Nilimdharau kwa hilo. Lakini dharau, wanangu, haimzuii mtu kuvitamani vitu vya anayemdharau.

Nikahamia Magogoni, nyumbani kwa kaka yangu. Nikatandika mkeka kibarazani, nikaweka kigoda, kioo, na kopo la mafuta ya nazi. Nikakaa nikingoja. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili akaja mbuzi, akala ukingo wa mkeka.

Wiki ya tatu Kahaso, mke wa kaka yangu, alikuwa akifagia kunizunguka. Ulimi wa Kahaso ungekuna nazi bila mbuzi.

"Wifi," akasema, "leo kibaraza chako kimepata mteja."

"Nani?"

"Buibui. Yuko pale pembeni. Tena anajisukia mwenyewe."

"Cheka tu. Nimeapa, Kahaso. Siwezi kumwita mtu."

"Umeapa kwa nini?"

"Kwa kinywa."

"Basi kinywa kifunge. Mikono nayo iliapa?"

"Mmoja ulikuwa juu ya Biblia."

"Basi tumia ule wa pili!"

Nilimkemea. Nikamwambia aogope Mungu. Kisha nikaingia ndani nikaufungua mkoba wangu.

Katika nyumba ile kila mteja alikuwa na shanuo lake la mti. Hakuna mwanamke mwenye akili huku kwetu anayekubali nywele zake zichanganyike na za mwenziwe, maana nywele za mtu zikiokotwa na adui hufanyiwa mambo. Na shanuo hukaa kwa mkono unaosuka. Watu wa nje hudhani ni mali ya nyumba. Sisi wasusi ndio tunaojua kwamba kila mmoja hubeba ya watu wake. Kwa hiyo nilitoka na mashanuo kumi na manne mkobani, kwa haki kabisa. Bi Mwanabibi na ujanja wake wote aliapisha kinywa akasahau mkoba.

Nikajiambia, ni wajibu wangu kumrudishia mtu chake.

Msikieni mnafiki huyo! Wiki tatu wajibu huo ulilala mkobani usinikere hata kidogo. Uliamka siku niliyosikia Margaret anaolewa.

Margaret alikuwa binti wa Mwalimu Masha, yule yule aliyeniapisha. Nilimsuka tangu ana miaka saba, akilia na kunipiga mateke. Sasa Jumamosi angeolewa na Kitsao, karani wa bandarini, na kanisa lingejaa. Na nawaambieni jambo moja kuhusu wanawake wa Kisauni wa siku zile: hawakuwa na maoni. Walitazama kichwa kilichokaa mbele yao kanisani, na Jumatatu kila mmoja alikitaka. Atakayemsuka Margaret, kibaraza chake kisingekauka tena. Asiyemsuka, arudi kijijini kulima mihogo.

Mpango wangu ulikuwa mdogo na mchafu, kama mipango yote ya watu wanaojiona wajanja. Mtu atakuta shanuo lake mlangoni. Atauliza, "Kafedha yuko wapi?" Na Kisauni hakuna anayeulizwa asijibu. Ataambiwa niko Magogoni. Atakuja kwa miguu yake. Mimi sikuita.

Nikayaosha mashanuo kwa maji ya ndimu, nikayapaka mafuta. Mwaka ule wa vita nguo ilikuwa adimu kuliko mvua, lakini Kahaso alikuwa na mfuko wa unga uliofuliwa ukatakata. Tukaukata vipande, tukafunga shanuo moja moja. Siku ya kwanza nikachukua mawili tu, kama mtu aonjaye mchuzi kabla ya kupakua: la Margaret, na la Agneta, mke wa mtu wa reli aliyetoka bara.

Nikaenda Mtopanga, kwa akina Margaret, alfajiri. Nilipofika kwa Mwalimu Masha nikainua mkono kupiga hodi, nikaushusha. Hodi nayo ni ya kinywa! Hata hodi niliiogopa. Nikaliweka shanuo kizingitini, nikageuka, nikaondoka sijasema neno. Kwa Agneta nikafanya vivyo hivyo.

Nikarudi nyumbani nimejaa sifa zangu.

Kabla jua halijakaa sawa, Agneta huyo! Alikuja akitupa mikono.

"Dada Kafedha! Mimi nimeamka nimepata kichana yangu kwa mlango, imefungwa kama mandazi. Nikasema, huyu mtu ananitupia kitu kama mbwa? Lazima niende nimuulize!"

"Umeulizia wapi?"

"Kwa kila mtu! Wamesema uko hapa. Haya, nisuke, na usinivute hapa kwa masikio."

Nikamsuka. Kiswahili chake kilipita masikioni mwangu kama gari la kokoto, lakini siku hiyo nilikiona kama ngoma ya arusi. Kahaso alikuwa mlangoni akinikonyeza.

"Mkono wa pili huo, wifi," akasema.

Na mimi, mpumbavu, nikacheka.

Kesho yake, Jumatano, tulikuwa tunapepeta mchele tukasikia vilio. Vilitoka Mtopanga, vikapokewa nyumba kwa nyumba mpaka vikatufikia.

"Kuna msiba," Kahaso akasema. "Mkubwa."

Tukajifunga leso, nikatia mkoba begani kwa mazoea, tukatoka mbio. Njiani nikamwuliza mwanamke mmoja, "Ni wapi?" Akanijibu, "Kwa Mwalimu Masha." Nikajua ni hawe Nyamvula, mamake Mwalimu, bikizee wa miaka themanini. Nikaanza kulia kabla sijafika, kwa adabu, kama ilivyo desturi.

Nikaingia uani. Hawe Nyamvula ndiye wa kwanza kunikumbatia.

Nikashtuka, machozi yakakatika. "Hawe! Kumbe wewe mzima? Basi aliyefariki ni nani?"

"Margaret!" akapiga ukelele. "Margaret wangu! Alikwenda Rabai kuwaaga shangazi zake. Aje Jumatatu, hakuja. Aje Jumanne, hakuja. Kumbe ameshatutoka!"

"Mmeletewa habari na nani?"

"Shanuo limerudi, Kafedha! Nimelikuta kizingitini asubuhi ya jana. Limeoshwa, limefungwa kitambaa cheupe pepepe. Wala hawakupiga hodi. Nimekaa nalo mchana kutwa nikisema labda si hilo, labda si hilo. Leo moyo umenishinda."

Nikakaa chini.

Maana desturi ni hii. Mteja akifa, msusi wake huliosha shanuo, hulifunga kitambaa cheupe, hulipeleka kwao alfajiri, huliacha kizingitini, na apelekaye hasemi neno wala hapigi hodi. Si kwamba sikuijua. Nilikwisha kuifanya mara mbili, kwa mikono hii. Lakini mwenye tamaa hana kumbukumbu, ana macho tu. Na Agneta hakushtuka kwa sababu ni mtu wa bara, la huku hakulijua.

Sasa mtaniuliza, "Ukasimama ukasema?"

Sikusema. Nililia. Nilimlilia Margaret, ambaye nilijua hana lolote, kwa sauti ya kuwashinda ndugu zake. Nikamiminiwa kahawa ya matanga nikainywa. Mwalimu Masha, ambaye shanuo hakuliamini, alikuwa amemtuma mtu kwa baiskeli kwenda Rabai, naye amekaa pembeni amekunja mikono, akitazama njia. Nikamtazama baba wa watu vile, na bado nikafunga kinywa. Hapo nilikitii kiapo vizuri sana.

Adhuhuri ikapita. Mara mlango wa ua ukafunguliwa, akaingia Margaret na kikapu kichwani na kuku kwapani.

"Jamani," akasema, "nani amekufa?"

Waliokimbia walikimbia. Waliozimia walizimia. Mjomba mmoja, mtu mzito anayejisifu kwamba aliua chui, alipita dirishani, na dirisha lile lilikuwa dogo. Hawe Nyamvula peke yake ndiye aliyemsogelea, akamfinya shavu.

"Umekufa?"

"Sijafa, hawe! Basi tulilopanda limevunjika mtaimbo wa magurudumu, tumelala njiani siku mbili. Mbona mmenilia?"

Akafinywa tena, akapiga kelele ya maumivu, na watu wakajua ni yeye. Vilio vikageuka vigelegele. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, basi, limekwisha, Mungu mkubwa.

Lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Mama yake Kitsao alikuwa amekuja kumlilia mkwewe. Akapangusa machozi, akaikunjua leso yake, akaikunja upya polepole. Mtu akikunja nguo hivyo, jitayarisheni.

"Nashukuru Mungu mtoto ni mzima," akasema. "Lakini arusi, hapana."

"Hapana nini?" akauliza Mwalimu.

"Mtu aliyetandikiwa mkeka akaliliwa, niingize nyumbani kwangu Jumamosi? Ataingia na nini nyuma yake? Mwanangu ni mmoja."

"Mama, hayo ni mambo ya giza. Sisi ni watu wa kanisa."

"Kanisani nitakuja, Mwalimu, na nyimbo nitaimba. Lakini huyu ameliliwa."

Margaret akaanza kulia, sasa kwa haki yake. Wazee wakaingia kati, wakamsihi yule mama, wakambembeleza. Akashikilia, akashikilia, hatimaye akalegea kidogo.

"Mkono uliofunga ndio ufunguao," akasema. "Aliyelileta shanuo na aje hapa. Atamke kwa kinywa chake mbele ya watu kwamba ni yeye. Kisha akae, amsuke huyu mtoto kichwa kizima, mpaka nywele ya mwisho, sote tukiona. Hapo kifo kitakuwa kimefumuliwa. Jumamosi nitamchukua. Na akidanganya mtu, kifo kitabaki pale pale."

Wakamtuma mtu kumwita Bi Mwanabibi, kwa kuwa shanuo, kwa wajuavyo wao, hutoka nyumbani kwake.

Alikuja na mpwawe nyuma, na buibui lake na udi wake, akitembea kama ardhi inamwonea haya. Watu wakamzonga.

"Umetuua, Bi Mwanabibi!"

"Umemtabiria mtoto kifo!"

"Sikizani," akasema. "Nipeni kwanza maji ninywe, ndipo mnitukane."

Akanywa. Wakamweleza yote: shanuo, kizingiti, kilio, na sharti la mama yake Kitsao. Alikuwa akitikisa kichwa, hajui, hajui. Kisha macho yake yakazunguka ua, yakanikuta mimi nyuma ya wanawake. Yakateremka mpaka kwenye mkoba wangu. Yakakaa hapo kidogo.

Akaelewa lote, kama mtu asomaye barua.

Nikangoja anitaje. Nilikwisha kujikunja kama kobe.

"Ni mimi," akasema Bi Mwanabibi.

"Ni mimi niliyelileta. Nalipewa habari za uongo, nikaharakia. Mnisamehe, jamaa zangu. Na kwa kuwa ndilo sharti, nitamsuka mtoto kwa mikono yangu. Haya, mleteni nikishike hicho kitwa."

Mnaona? Mwanamke yule hakuwa amesuka kichwa miaka sita, vidole vimejaa pete. Lakini alipima kwa haraka kuliko mwuza dhahabu: lawama ni ya siku moja, na kichwa cha bibi arusi ni cha mwaka mzima. Akaichukua dhambi yangu mbele ya macho yangu kama mtu achukuaye embe sokoni. Uongo mtupu, na watu wakaanza kumsifu kwa unyenyekevu!

Akanipitia karibu akielekea mkekani. Akaninong'oneza, manukato yakinipanda puani.

"Kinywa, mwanangu. Uliapa."

Margaret akakaa mkekani, akavua kitambaa, nywele zikamwagika mabegani.

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Aliyeniua na aanze."

Bi Mwanabibi akavua pete, moja moja, akampa mpwawe ashike. Akapiga magoti. Akaingiza vidole.

Nami nikasimama pale na mambo mawili yakinipigania. Nikinyamaza, mkono usio wenyewe unasuka, na mama yake Kitsao amekwisha sema: akidanganya mtu, kifo kitabaki. Margaret ataolewa juu ya uongo, na siku mtoto wake wa kwanza akiugua homa, watakumbuka. Hilo ni moja. La pili, kile kilikuwa kichwa changu. Miaka yote ile. Nakijua kovu lake nyuma ya sikio, najua upande asiopenda kuvutwa. Na Bi Mwanabibi alikuwa akiipasua njia ya kwanza kombo!

Ningependa kuwaambia kwamba la kwanza ndilo lililonisukuma.

"Toa mkono!" nikapiga kelele. "Si yeye! Ni mimi!"

Ua mzima ukageuka.

"Mimi ndiye niliyelileta Jumanne alfajiri. Shanuo hukaa kwa anayesuka, ninyi hamjui tu. Tazameni!" Nikaumwaga mkoba mkekani. Mashanuo kumi na mawili, yote katika vitambaa vyeupe, yakabingirika mpaka miguuni kwa watu. Wanawake wakaruka nyuma kama wamemwagiwa nyoka.

"Yesu wangu, na langu limo?" mmoja akauliza.

"Limo," nikamwambia. "Na la dadako."

Nilidhani Bi Mwanabibi atanirukia. Hakuruka. Alibaki kwenye magoti, vidole bado nyweleni mwa Margaret, akatabasamu mpaka dhahabu ya nyuma ikaonekana.

"Mwalimu Masha," akasema taratibu. "Wewe ndiwe ulokuwa shahidi. Kitabu ni chako. Umesikia? Amemwita mteja wangu, kwa kinywa chake, mbele za watu sitini."

"Nimeungama!" nikasema. "Huko si kuita, ni kuungama!"

"Na ukishaungama, nani atakayekaa hapa asuke?"

Mama yake Kitsao akanitazama mimi, akamtazama Bi Mwanabibi. "Mimi nataka mmoja," akasema. "Na nataka wa kweli. Mwalimu, mtoto ni wako, na kiapo kiliapwa kwako. Amua. Huyu akiwa ameungama, na akae asuke. Akiwa amevunja kiapo ili apate kichwa, mkono wake umeoza, siutaki kwa mke wa mwanangu."

Mwalimu Masha akainuka. Alikuwa amezeeka siku moja ile. Akaja mpaka mbele yangu, akaongea chini, kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kofi.

"Kafedha, mwanangu. Sitakuuliza mengi. Nitakachojibiwa na wewe ndicho nitakachoshika. Maneno uliyoyasema sasa hivi, uliungama, au ulimwita?"

Margaret akageuza shingo kunitazama, nusu ya nywele zimo mikononi mwa Bi Mwanabibi, nusu ziko huru.

Nami nikaingia ndani ya moyo wangu kumtafuta yule mwanamke aliyetaka kuungama, nimshike mkono, nimtoe nje aseme. Nikamkuta. Amekaa na yule mwingine, aliyekitaka kichwa, mkeka mmoja, wanasukana.